Umeme Usioshuka Chini

Tangu mamake alipopata kiharusi, Raihana Sufyan hakujua tena siku yaanzia wapi na yaishia wapi. Aliamka kabla ya adhana ya alfajiri, akamgeuza Bi Mwanatumu ubavu wa pili ili mgongo usifanye vidonda, akambadilisha shuka, akamsaidia kutia udhu kwa kitambaa, kisha akaswali yeye mwenyewe huku usingizi ukimvuta. Kumlisha uji kulichukua dakika arubaini, kwa sababu upande wa kulia wa kinywa cha mgonjwa ulikuwa haufungi vizuri. Saa moja na nusu aliingia Mwanakuu, jirani wa mlango wa pili, kukaa na mgonjwa. Hapo Raihana alichukua mkoba, akapita vichochoro vya mtaa wao wa Kuze, Mombasa, hadi barabarani, akaenda kufundisha fizikia chuoni, upande mwingine wa kisiwa. Jioni alirudi kupitia soko la Marikiti kutafuta papai lililoiva sawasawa, lisilohitaji kutafunwa. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane, na maisha yake yalikuwa hivyo kwa miaka miwili.

Mtaani walijua kwamba yeye ni daktari, ila si wa sindano. Aliyewaeleza ni Bi Mwanatumu mwenyewe. Bibi huyo alisomesha wasichana Kurani miaka thelathini, na hata baada ya ulimi kuwa mzito hakuacha kueleza mambo. Aliwaambia wageni waliokuja kumzuru kwamba binti yake achunguza madini yaliyolaliana kama karatasi, na kwamba huko ng'ambo aliyapima kwa sumaku iwezayo kunyanyua gari. Hilo la gari Raihana hakuwahi kulisema, lakini hakuwa na nguvu ya kulisahihisha.

La karatasi lilikuwa kweli. Kuna metali ambazo atomi zake zimejipanga matabaka kwa matabaka, mfano wa bunda la karatasi. Umeme ukienda ndani ya karatasi moja, hupita bila taabu. Ukitaka kushuka kwenye karatasi ya chini yake, hupata ugumu mara elfu. Metali hiyo ikiwekwa ndani ya uga wa sumaku wenye nguvu, elektroni hupindwa njia zao, na ukinzani, yaani ule ugumu wa umeme kupita, hubadilika. Kwa kuutazama unavyobadilika, mtu huweza kujua elektroni zaishi vipi mle ndani. Raihana alikuwa na fuwele sita za metali ya namna hiyo, kila moja haizidi chenga ya mchele.

Miaka miwili nyuma alikuwa amepewa siku kumi katika maabara moja ya ng'ambo yenye sumaku kubwa. Alibandika nyaya nne za dhahabu, nyembamba kuliko unywele, juu ya kila fuwele: mbili za kupitisha umeme na mbili za kupimia. Alitaka kupima umeme ukienda sambamba na matabaka, nayo sumaku imelazwa sambamba nayo vilevile. Mahesabu yote yaliyojulikana yalisema ukinzani utapanda kidogo halafu utulie. Haukutulia. Ulipanda kwa mstari ulionyooka kama rula, kutoka sufuri mpaka tesla thelathini, kwa kipimo cha nguvu za sumaku, kwenye fuwele zote sita.

Profesa Zakariya, mwalimu wake tangu shahada ya kwanza, ambaye sasa walikuwa wakifanya utafiti pamoja, alimpigia simu alipotumiwa mchoro ule. Akamwambia asimwonyeshe mtu mpaka waelewe. Walijaribu kuelewa kwa zaidi ya mwaka, yeye Zakariya akiwa Nairobi na Raihana akiwa Mombasa kando ya kitanda cha mamake, na hawakuelewa. Mwishowe waliandika makala iliyosema kwamba hapa pana jambo jipya ambalo nadharia za sasa haziwezi kulieleza. Jarida kubwa liliikubali. Chuo kiliweka jina la Raihana kwenye orodha ya watakaopandishwa cheo. Mwanakuu na kina mama wengine wa Kuze walikusanyika wakamsomea dua, wakanywa kahawa, wakaenda zao wakiwa wamefurahi kwa niaba yake. Raihana alifurahi pia, ila furaha yenyewe ilimkuta amechoka sana, akalala kwenye kiti kabla ya wageni wote kuondoka.

Kilichobaki kilikuwa kidogo tu. Jarida liliomba picha safi zaidi ya fuwele moja, ile ya kwanza ilikuwa na ukungu. Alhamisi moja baada ya Alasiri, mamake akiwa amelala, Raihana alifungua kompyuta akaanza kupekua picha alizopiga kwa hadubini kule ng'ambo. Alipata moja iliyopigwa kwa upande. Alikuwa hajaitazama tangu siku aliyoipiga.

Mwanzoni aliona tu kwamba ni picha nzuri. Kisha akaona rangi ya fedha, ile gundi ipitishayo umeme ambayo huunganisha waya na fuwele. Ilikuwa imekaa juu ya fuwele, vitone vinne vya duara. Pembeni haikushuka hata kidogo. Ubavu wa fuwele ulikuwa mweusi na mtupu kutoka ukingo wa juu hadi chini.

Aliitazama kwa muda. Aliinuka akampa mamake maji, maana alikuwa ameamka, akarudi akaitazama tena. Umeme ulikuwa ukiingia kutoka juu peke yake. Ili ufike matabaka ya chini ulipaswa kushuka, na kushuka ndiko kulikokuwa kugumu. Na sumaku ikilazwa sambamba na matabaka hufanya kitu kimoja ambacho kila mtu wa fani yake hukijua: huzidi kuzuia elektroni zisishuke. Kadiri alivyoongeza nguvu za sumaku, ndivyo umeme ulivyozidi kubanwa kwenye karatasi chache za juu, na karatasi chache hubeba umeme kwa shida kuliko nyingi. Basi yumkini hakupima kitu kipya. Alipima umeme ukikosa njia ya kushuka, akadhani ni metali yote inayokinza.

Alitamani kuwe na sababu. Simu ya kumwambia mamake ameanguka ilimfikia kule kule, akiwa ameshika brashi ya nywele tatu mbele ya hadubini, na kwa muda alijaribu kujiambia kwamba ilikuwa hiyo simu. Akazikagua tarehe za picha. Fuwele tatu za kwanza zilikuwa zimebandikwa siku moja kabla ya simu, na zote zilikuwa hivyo hivyo. Hakuwa na wa kumsingizia. Alikuwa na haraka, siku kumi zilikuwa chache, na hakufikiria.

"Mato yako yamekuwa mekundu," mamake alimwambia kutoka kitandani, polepole, neno kwa neno. "Kalale, mwanangu."

Alisema atalala. Akatengeneza chakula cha jioni, akaosha vyombo.

Kesho yake alimwendea Tsofa, fundi wa maabara ya chuo, mtu wa Kaloleni aliyekuwa akisema kidogo na ambaye mikono yake haikuwahi kutetema. Alimweleza yote kwa mkato. Tsofa aliisogeza picha karibu na uso, akauliza kama fuwele zenyewe bado zipo. Zilikuwapo, ndani ya kijaluba cha plastiki kwenye mkoba wa Raihana, na nyaya zake zikiwa bado zimebandikwa vile vile. Chuo kilikuwa na sumaku ya umeme ya kufundishia, ya tesla moja. Kilichokosekana ni baridi, kwa kuwa bila baridi kali elektroni hugongwagongwa na joto na athari ya sumaku haionekani. Tsofa akasema hilo aachiwe yeye.

Jumamosi alitokea na mtungi wa nitrojeni iliyopozwa hadi ikawa maji, aliyopewa na Kioko, rafiki yake wa upande wa Kilifi ambaye kazi yake ni kupandisha ng'ombe kwa mbegu zilizogandishwa. Kioko alikuwa ametaka kujua ni ng'ombe gani huyo wa kisiwani. Tsofa alimjibu kwamba ni mdogo sana, haonekani kwa macho. Raihana alicheka, na alipocheka alihisi kifua kikiuma, kama kwamba misuli yenyewe ilikuwa imesahau.

Walianza na fuwele kama ilivyokuwa. Waliizamisha kwenye baridi, wakaiweka kati ya ncha za sumaku, wakaongeza nguvu kidogo kidogo. Ukinzani ulipanda kwa mstari, sita kwa mia. Ulikuwa mstari ule ule wa ng'ambo, mtoto wake. Kisha wakaitoa, wakaiacha ipate joto, wakaiosha rangi yote kwa dawa, na Tsofa akaibandika upya chini ya hadubini. Safari hii aliipaka rangi ya fedha ncha zote mbili, kuanzia juu mpaka chini, ili kila tabaka liguswe, na nyaya za kupimia akazishusha ubavuni vilevile. Ilichukua saa tatu. Wakati ikikauka Raihana alimpigia Mwanakuu kuuliza kama mama amekula. Alikuwa amekula nusu.

Walipopima tena, mstari haukuwapo. Ukinzani ulisogea kidogo mwanzoni, chini ya nusu kwa mia, ukatulia. Ulifanya kama vitabu vilivyosema utafanya.

Tsofa aliuliza kama waipake nyingine. Raihana akasema ndiyo. Jumapili waliipaka ya pili na Jumatatu jioni, baada ya masomo, ya tatu. Zote zilitulia. Walipomaliza ya tatu Tsofa alifunika hadubini kwa kitambaa, akakaa juu ya stuli, akasema kwa sauti ya chini, "Pole, Daktari."

Profesa Zakariya alikuja Mombasa wiki ile ile kwa harusi ya mpwa wake, na nyumba ya kwao ilikuwa Kibokoni, si mbali na Kuze. Raihana hakutaka kumwambia mbele ya jamaa zake. Akamwomba wakutane Mama Ngina, ufukweni, baada ya Alasiri. Walikaa kwenye benchi ya saruji inayotazama mlango wa bandari, Zakariya akiwa na kanzu ya harusi na karatasi ya viazi karai mkononi, watoto wakipita na baiskeli za kukodi. Alikuwa mwembamba kuliko alivyokuwa mwaka jana. Raihana alimwonyesha picha kwanza, kisha mistari miwili, wa kabla na wa baada.

Zakariya aliitazama simu mpaka kioo kikazima, akaiwasha, akaitazama tena.

"Umepima kwa sumaku ya ngapi?"

"Tesla moja, Mwalimu."

"Moja. Sisi twazungumza thelathini. Huwezi kuihukumu thelathini kwa moja."

"Kwenye thelathini umeme wazidi kubanwa juu. Kosa lakua pamoja na sumaku. Ndiyo sababu mstari haukutulia."

Alijua kwamba Zakariya ameona hivyo kabla hajamaliza kusema. Ndiye aliyemfundisha kuona. Mzee alifunga karatasi ya viazi bila kuvila, akakipangusa kidole kimoja kimoja kwa leso. Alizungumza kwa muda juu ya mambo mengine, juu ya harusi, juu ya joto, juu ya wanafunzi wake wa zamani walioko ng'ambo ambao hawamjibu barua. Kisha akarudi kwenye makala.

"Nimebakiwa na miezi mitano nistaafu, Raihana. Hii ndiyo niliyotaka nitoke nayo."

"Najua, Mwalimu."

"Miaka itapita kabla mtu hajagundua."

"Mimi n'shagundua."

Hakuwa amekusudia kulisema kwa ukali, na halikutoka kwa ukali. Lilitoka kama mtu anayetaja saa. Zakariya aliinuka, akatengeneza kofia, akasema atachelewa kwa watu wa harusi. Hakumuaga. Raihana alibaki pale kwenye benchi hata alipokwisha kumpoteza kati ya wauza mihogo. Alikaa mpaka Mwanakuu akapiga simu kuuliza yuko wapi.

Barua ya kuiondoa makala aliiandika jioni ile ile, sebuleni, aya mbili. Alieleza namna nyaya zilivyobandikwa, alivyojaribu upya, na kwamba dai lao haliwezi kusimama. Ilihitaji sahihi mbili. Aliituma Kibokoni kwa barua pepe, hatua mia tatu kutoka alipokuwa amekaa, akangoja.

Alingoja siku tatu. Katika siku hizo alifundisha, akasahihisha karatasi za mtihani, akamgeuza mamake, akanunua papai. Siku ya pili alimwambia mamake, kwa sababu alijua atasikia kwa wengine. Alimweleza taratibu akiwa anampaka mafuta mkono wa kulia, ule usiosikia. Alisema alichokidhani si chenyewe, na kwamba itabidi akirudishe, na watu watajua.

Bi Mwanatumu alimgeuzia uso.

"Watakusuta?"

"Huenda."

"Na ni wewe ulokosea, au mwenzio?"

"Ni mimi, mama. Mkono wangu."

Mama alifumba macho. Raihana alidhani amelala, akauweka mkono wake chini ya shuka. Kisha mgonjwa akasema, bila kufumbua, kwamba siku moja alimsomesha msichana sura nzima kwa makosa ya irabu moja, na msichana akaisoma vile mbele ya watu kwenye Maulidi, na yeye mwalimu akasimama pale pale akasema kosa ni langu. Uso ulimwaka moto, alisema, hata njia ya kurudi nyumbani hakuiona. Aliomba maji.

Jibu la Zakariya lilifika siku ya tatu asubuhi. Barua ilikuwa na sahihi yake, na chini yake neno moja tu: Tuma. Raihana akaituma akiwa amesimama kwenye korido ya chuo, kabla ya kuingia darasani.

Mambo yaliyofuata hayakuwa makubwa wala madogo. Mhariri wa jarida aliandika mistari minne ya adabu. Jina la Raihana liliondolewa kwenye orodha ya kupandishwa cheo, na mkuu wa idara akamwambia ajaribu tena mwakani, au mwaka wa pili yake. Mwanakuu alisema kwamba dua haipotei, akaendelea kuja saa moja na nusu kama kawaida. Zakariya alistaafu bila makala ile. Hakupiga simu mwezi wa kwanza, wala wa pili, wala wa tatu. Raihana alikuwa akiandika ujumbe mfupi akaufuta, akaandika tena akaufuta. Pamoja na Tsofa aliandika makala ndogo, kurasa tatu, inayoeleza namna sumaku inavyoweza kumdanganya mpimaji wa metali za matabaka kama nyaya hazikugusa matabaka yote, na namna ya kuzibandika. Jina la Tsofa lilikaa la kwanza kwa kuwa mikono ilikuwa yake. Ilitoka kwenye jarida dogo. Watu wachache waliisoma, na mmoja wao, Zilpah fulani wa maabara ya mbali, aliandika kushukuru: alikuwa na mstari ulionyooka kama wao na alikuwa karibu kuutangaza.

Mwezi wa sita baada ya barua ile, Profesa Zakariya alihamia Kibokoni moja kwa moja. Siku ya Ijumaa alibisha hodi Kuze, kuja kumzuru mgonjwa. Raihana alimkaribisha, wakaamkiana kwa urefu, hali, jamaa, afya, kama watu wasiokuwa na jambo kati yao. Alikaa na Bi Mwanatumu, akamsikiliza habari za sumaku ya kunyanyua gari na hakumkanusha. Alipokunywa kahawa ya pili alisema ameisoma ile makala ndogo. Alisema anazo fuwele mbili za zamani, za enzi ya shahada yake mwenyewe, ambazo alizipima akiwa kijana na kuandika juu yake, na sasa hana hakika zilibandikwa vipi.

Alizitoa mfukoni mwa kanzu, zimefungwa kwenye pamba.

Jumatatu walikuwa maabara, wote watatu. Zakariya alitaka kuzipaka mwenyewe. Mikono yake ilitetema. Mara mbili rangi ikamiminika juu ya fuwele yote na mara mbili wakaiosha. Mara ya tatu Tsofa aliuliza kama aweza kumshika kiwiko, na mzee akakubali kwa kichwa bila kuinua jicho kutoka kwenye hadubini. Raihana alisogeza taa. Polepole sana nywele za brashi zikashuka ubavuni, kutoka ukingo wa juu mpaka wa chini, zikaacha nyuma yake utepe mwembamba unaong'aa.

Zakariya akashusha pumzi, akaegemea kiti. Aliuliza itachukua muda gani kukauka, naye Raihana akamwambia ni saa nzima. Mzee akasema atangoja. Raihana akavuta stuli nyingine karibu na ukuta, akaketi, akafumba macho kidogo.